Barua Moja, Majibu Manne: Nchi Ndogo Mbele ya Ushuru wa Mkubwa



Nimeombwa nieleze nchi ndogo hufanya nini pale taifa kubwa linalonunua bidhaa zake linapozipandishia ushuru wa forodha. Tangu Aprili 2025 habari hizi hazijaondoka magazetini, na najua wengi mngependa nibashiri nani atashinda. Sitabashiri. Nitaeleza yaliyokwisha kutokea, na zaidi yale yaliyotupata sisi wenyewe Afrika Mashariki kati ya mwaka 2016 na 2018, kwa sababu naamini tuliyasahau upesi mno.

Machi 2, 2016 wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha. Miongoni mwa maamuzi yao lilikuwamo hili: nguo na viatu vinunuliwe kutoka ndani ya kanda, na mitumba iondolewe sokoni hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Sababu yao ilikuwa nzito. Wazee mliomo humu ndani mnakikumbuka kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma. Wakenya walikuwa na Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu, Waganda walikuwa na Nytil ya Jinja. Viwanda hivyo havikuuawa na mitumba peke yake, na anayesema hivyo hasemi kweli yote. Mitambo ilichakaa, umeme haukuaminika, madeni yalilimbikizwa, na miaka ya 1980 na 1990 soko likafunguliwa wakati viwanda vyenyewe viko taabani. Lakini mitumba ilipojaa sokoni, kiwanda kilichotaka kufufuka hakikupata pa kusimama. Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza shati jipya kwa bei ya shati ambalo mwenyewe amekwisha kulitoa bure.

Basi Arusha wakaamua. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kinachojulikana kwa kifupi kama SMART kiliiandikia Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kililalamika kwamba uamuzi wa Arusha utawaumiza wanachama wake, na kwamba ajira zisizopungua 40,000 nchini Marekani zimo hatarini. Kiliomba nchi zetu zichunguzwe kama bado zinastahili kunufaika na AGOA.

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze AGOA ni kitu gani, maana tunaitaja kila siku kana kwamba ni mkataba. AGOA ni sheria ya Marekani. Rais Bill Clinton aliisaini Mei 2000, na mwaka 2015 ikaongezwa muda hadi Septemba 2025. Iliruhusu maelfu ya bidhaa za nchi za Afrika zilizoteuliwa kuingia Marekani bila ushuru, kwa masharti, na moja ya masharti hayo lilikuwa kwamba nchi inayonufaika iwe inaondoa vikwazo dhidi ya bidhaa na uwekezaji wa Marekani. Kila mwaka rais wa Marekani aliangalia nani abaki na nani atolewe. Hatukukaa meza moja tukaisaini. Kwa hiyo siku ya kuondolewa hakuna kifungu tutakachokipeleka mahakamani tukasema mmekivunja.

Na faida yake iko wapi? Chukueni suruali ya pamba iliyoshonwa Athi River, nje kidogo ya Nairobi, ndani ya eneo la viwanda vya kuuza nje. Tuseme inatoka kiwandani kwa dola 7. Ushuru wa kawaida wa Marekani kwa suruali za pamba ni asilimia 16.6, kwa hiyo mwagizaji wa kule angelipa dola 1 na senti 16 bandarini kwake. Chini ya AGOA alikuwa halipi kitu. Kwa nguo za nyuzi za viwandani tofauti ni kubwa zaidi, maana fulana za aina hiyo hutozwa hadi asilimia 32. Mnunuzi mkubwa anayeagiza suruali laki kadhaa kwa msimu haangalii kama fundi wa Athi River ana bidii kuliko fundi wa Bangladesh. Anaangalia hiyo dola 1 na senti 16.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu kuna jambo linalowachanganya wengi. Watu husema nchi fulani "imetozwa ushuru". Anayelipa pale forodhani ni mwagizaji, raia au kampuni ya nchi ileile iliyoweka ushuru. Nchi ndogo huumia baadaye, pale mwagizaji anapompigia simu mwenye kiwanda na kumwambia apunguze bei la sivyo oda ijayo inakwenda kwingine. Ikiwa mwenye kiwanda hana mnunuzi mwingine, atapunguza, na kitakachopunguzwa kwanza ni saa za kazi za wale mabinti wa cherehani. Ikiwa anao wanunuzi watatu wengine, mazungumzo ya simu hiyo yanakuwa tofauti kabisa.

Turudi kwenye ile barua. Iliihusu kanda nzima, lakini kila nchi iliijibu kivyake. Burundi na Sudan Kusini zilikuwa zimekwisha kuondolewa katika AGOA, kwa hiyo zilizokuwa na cha kupoteza ni nne.

Kenya ilijibu kwanza. Mauzo yake ya nguo Marekani yalikuwa zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanakula kutokana na cherehani hizo. Iliihakikishia Marekani kwamba haitapiga marufuku mitumba, na uchunguzi ulipofunguliwa rasmi Juni 2017 jina lake halikuwamo. Yaliyobaki ni Rwanda, Tanzania na Uganda. Julai ile kikafanyika kikao cha kusikiliza pande zote, Washington. Tanzania na Uganda zilivuta muda, na kufikia Februari 2018 nazo zikawa zimeahidi kulegeza. Rwanda ikakataa. Rais Kagame alisema hadharani kwamba ukibanwa uchague kati ya kujenga viwanda vyako na kubaki ndani ya mpango huo, lazima uchague, na gharama utaibeba.

Machi 2018 Rais Trump akaipa Rwanda siku 60. Mwisho wa Julai, nguo za Rwanda zikaondolewa katika msamaha wa ushuru.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa, kwamba Rwanda ilisimama na wengine walipiga magoti. Mimi naona tuangalie hesabu kwanza. Mauzo ya nguo ya Rwanda yaliyoguswa na adhabu ile yalikuwa kama dola milioni 1.5 kwa mwaka, sehemu ndogo sana ya biashara yake na Marekani. Kenya ilikuwa inaulizwa swali lilelile kwa bei iliyozidi mara 200. Sipunguzi uthabiti wa Rwanda, nauheshimu. Ila nchi inayosema hapana kwa dola milioni moja na nusu na nchi inayosema ndiyo kwa milioni 300 hazikupimwa kwa mizani moja, na hatuna haki ya kuitukana Kenya. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa Kenya.

Tatizo langu ni hilo hasa: kwamba ilikuwa sahihi kwa Kenya peke yake. Tangu Januari 2005 sisi ni Umoja wa Forodha. Tuna viwango vya pamoja vya ushuru kwa bidhaa za nje. Uamuzi wa mitumba ulifanywa na wakuu wote, kwa pamoja, mbele ya kamera. Kwa nini basi barua iliyohoji uamuzi wa pamoja ijibiwe na miji minne, kila mmoja kwa wakati wake? Kila nchi iliyojiondoa iliifanya inayofuata ibaki na wenzake wachache zaidi. Mwisho Rwanda ilibaki peke yake, na nchi iliyo peke yake ni rahisi kuadhibiwa kwa sababu mwenye kuadhibu naye hapotezi kitu. Nguo za dola milioni 1.5 zisingemkosesha usingizi mwagizaji yeyote wa Marekani. Nguo za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwekwa pamoja zingekuwa na waagizaji wa kule wenye sababu ya kwenda kwa wabunge wao kulalamika. Kila ushuru wa mkubwa una watu ndani ya nchi yake wanaoumizwa nao. Hao ndio washirika wa kwanza wa nchi ndogo, na hawapatikani kwa nchi yenye biashara ndogo kiasi cha kutohesabika.

Kuna watu wengine ambao katika kisa hiki hawakuulizwa kabisa. Ni ninyi wafanyabiashara wa mitumba, nawaona mmekaa safu ya tatu na ya nne. Belo la mitumba lina uzito wa kama kilo 45. Rwanda ilipopandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2 na senti 50 kwa kilo, belo lililokuwa likilipiwa dola 9 forodhani likawa linalipiwa dola 112 na nusu. Mama anayenunua belo moja, akalifungua alfajiri, akachambua nguo za daraja la kwanza pembeni na zilizochoka akaziweka kwenye lundo la bei ya kutupa, hana mahali pa kuzitoa dola 103 na nusu zilizoongezeka. Anaacha biashara, au ananunua bidhaa iliyovushwa kwa magendo. Na magendo yalikuwapo, mpakani na Kongo, watu wakivuka wamevaa nguo juu ya nguo. Serikali iliahidi kwamba viwanda vya ndani vitaziba pengo. Viwanda vilianza, ndiyo, pale katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali, lakini nguo mpya zilizojaa madukani sehemu kubwa zilikuwa zimetoka China, kwa bei ambayo mnunuzi wa mitumba hakuizoea.

Naunga mkono lengo la uamuzi wa Arusha, na bado nasema ulipangwa vibaya. Ulianza na kufunga mlango wa mitumba kabla ya kuhakikisha kitambaa kinapatikana. Pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa haijasokotwa. Viwanda vya Athi River vinashona kitambaa kilichotoka Asia, kwa sababu AGOA yenyewe iliziruhusu nchi nyingi za Afrika kutumia kitambaa cha nchi yoyote. Ruhusa hiyo ilileta kazi haraka, lakini iliacha viwanda visivyo na mizizi. Kiwanda ambacho mali yake ni cherehani na mkataba wa pango kinaweza kufungasha na kuhama katika muda wa miezi. Kiwanda kinachosokota nyuzi na kufuma kina mitambo mizito, kina wakulima nyuma yake, na mwenye nacho atafikiria mara mbili kabla ya kuondoka kwa sababu ya ushuru wa mwaka mmoja.

Sasa angalieni kilichofuata miaka saba baadaye. Aprili 2, 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima. Kenya iliyokubali mapema ilipewa asilimia 10. Tanzania na Uganda zilizokubali kwa kusitasita zilipewa asilimia 10. Rwanda iliyokataa ikaadhibiwa ilipewa asilimia 10. Uganda ilikuwa imekwisha kutolewa katika AGOA tangu Januari 2024 kwa sababu nyingine kabisa. Sisemi kwamba kukubali mwaka 2018 hakukuwa na maana, kwa Kenya kulinunua miaka ya kazi kwa maelfu ya familia, na hilo si dogo. Nasema kwamba kilichonunuliwa kilikuwa muda tu. Anayenunua muda asipoutumia, mwisho wa muda anajikuta palepale.

Lesotho ndiyo iliyolipia somo hilo kwa uchungu zaidi. Ni nchi ya watu kama milioni 2.3, iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na AGOA iliijengea sekta ya nguo iliyokuja kuwa mwajiri mkubwa kuliko wote wa sekta binafsi. Kina mama wa Maseru na Maputsoe walishona suruali za Levi's. Siku ile ya Aprili Lesotho ilipewa asilimia 50, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingine yoyote kwenye orodha. Kosa lake lilikuwa nini? Hesabu ilifanywa hivi: mwaka 2024 Marekani ilinunua Lesotho bidhaa za dola milioni 237 na kuiuzia za dola milioni 2.8. Wamarekani wakachukua tofauti, wakaigawa kwa manunuzi, wakapata asilimia 99. Wakagawa kwa mbili. Hapo ndipo ilipotoka asilimia 50. Nchi maskini iliyoshona suruali nyingi na isiyo na uwezo wa kununua ndege wala matrekta ya Kimarekani iliadhibiwa kwa kuwa imefanya kile ambacho AGOA iliihimiza ifanye kwa miaka 25.

Ushuru huo ulisimamishwa kwa siku 90, na Agosti ukawa asilimia 15. Kwenye karatasi huo ni ushindi. Lakini nguo huagizwa miezi kadhaa kabla ya msimu. Katika wiki zile za kusubiri, mnunuzi asiyejua atalipa asilimia 10, 15 au 50 hakuagiza, na kiwanda kisicho na oda kiliwarudisha wafanyakazi nyumbani. Julai 2025 serikali ya Waziri Mkuu Sam Matekane ilitangaza hali ya maafa ya taifa kwa sababu ya ukosefu wa ajira kwa vijana. Yaani kutojua tu kulitosha kufunga milango, kabla hata ushuru huo wa juu haujaanza kukusanywa.

Zimbabwe ilichagua njia ya kutoa kwanza. Siku chache baada ya tangazo, Rais Mnangagwa alisema nchi yake itasimamisha ushuru wote kwa bidhaa za Marekani. Orodha ya mwisho wa Julai ilipotoka, Zimbabwe ilipata asilimia 15, ileile ya Lesotho ambayo haikutoa ahadi ya namna hiyo. Hata Uswisi, tajiri na yenye wanasheria wengi, ambayo Januari 2024 ilifuta ushuru wote wa bidhaa za viwandani kutoka popote duniani, iliamka Agosti 2025 ikakuta asilimia 39. Ilikuwa imetoa kila kitu kabla ya mazungumzo, na ilipoitwa mezani haikuwa na cha kuweka. Nchi ndogo inayotaka kulegeza ilegeze kwa hatua, na kila hatua iwe na malipo yake yaliyoandikwa.

Kulipiza kisasi je? Vijana huniuliza hili kila mara, na nalielewa, kwa sababu dharau inauma. Nawajibu kwa mfano wa jirani. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, baada ya Malawi kuzuia mchele, tangawizi, ndizi na unga wetu, na Afrika Kusini kukataa ndizi zetu kwa miaka. Zikapita siku chache tu, wakakaa kuzungumza, na zuio likaondolewa. Lilifanya kazi kwa sababu Malawi haina bahari na sehemu ya shehena zake hupita Dar es Salaam. Tulikuwa na kitu ambacho mwenzetu hawezi kukipata kwingine kwa urahisi. Sikifurahii kisa hicho, maana waliosubiri mpakani na malori yao walikuwa wakulima na wachuuzi wa pande zote mbili, na Malawi ni ndugu zetu. Lakini kinaonyesha kipimo. Kabla ya kulipiza jiulize: ninacho nini ambacho yule hana pa kukipata? Tanzania ikipandisha ushuru kwa bidhaa za Marekani, anayeumia ni hospitali ya Tanzania inayoagiza mashine.

Na mahakama ya biashara? Antigua na Barbuda, visiwa vyenye watu wasiofika 100,000, viliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003 kwa kuzuia michezo ya kamari iliyoendeshwa kwa intaneti kutoka visiwani humo. Vilishinda, na mwaka 2005 vikashinda tena kwenye rufaa. Mwaka 2007 waamuzi waliviruhusu kufidia dola milioni 21 kila mwaka kwa kusimamisha ulinzi wa hakimiliki za Kimarekani. Miaka mingi baadaye Antigua ilikuwa bado inalalamika kwamba haijalipwa. Nawaomba msiidharau njia hiyo hata hivyo, kwa sababu hukumu humpa mdogo sauti mbele ya dunia, na nchi nyingine huweza kuitumia. Ila tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa cha shirika hilo kimekosa majaji wa kutosha, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa wapya. Anayekata rufaa sasa anaikata hewani, na kesi inabaki hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani, na hausomwi sana kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Serbia ilikuwa nchi ndogo ya wakulima. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za mauzo yake ya nje zilikwenda Austria-Hungary, na moja ya bidhaa zake kuu ilikuwa nguruwe hai. Serbia ilipotaka kuungana kiforodha na Bulgaria na kununua silaha Ufaransa, Austria-Hungary ilikasirika, na mwaka 1906 ikafunga mpaka wake kwa mifugo ya Serbia. Vienna walitarajia Belgrade isalimu amri katika miezi michache. Nguruwe hai hawezi kusubiri. Kila siku anakula, na kila siku bei yake inashuka.

Waserbia walifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Walitafuta njia nyingine ya kufikia bahari, kupitia bandari ya Thessaloniki iliyokuwa chini ya Waturuki, wakapata wanunuzi Ujerumani na kwingineko. Na kwa kuwa nguruwe hai hawezi kusafirishwa mbali bila hasara, wakajenga machinjio na viwanda vya kusindika nyama, wakasafirisha nyama badala ya mnyama. Miaka ya kwanza iliwauma sana. Lakini biashara ilirudi, na mkataba mpya na Austria-Hungary ulipoanza kutumika mwaka 1911, jirani huyo hakuwa tena na nguvu aliyokuwa nayo. Alikuwa mteja mmojawapo. Sifichi kwamba uhasama uliobaki kati ya nchi hizo mbili uliishia pabaya, na Ulaya yote inaujua mwaka 1914. Kiuchumi, hata hivyo, Serbia ilifanya kile ambacho hakuna hotuba ingekifanya: ilibadili kile inachouza na mahali inapokiuza.

Thessaloniki yetu iko wapi? Soko Huru la Afrika lilianza rasmi Januari 2021, lakini biashara baina ya nchi za Afrika bado ni sehemu ndogo ya biashara yetu yote. Kenya ina mkataba na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika Julai 2024. Juni 2025 China ilitangaza nia ya kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi 53 za Afrika. Milango hiyo naikaribisha, ila natahadharisha tusihame kutoka kwa mnunuzi mmoja mkubwa kwenda kwa mwingine, tukiwa na pamba ileile ambayo haijasokotwa. Viwanda vya Lesotho vilivyokuwa vikishonea maduka ya Afrika Kusini havikuyumba kama vile vilivyoshonea Marekani peke yake. Soko la jirani ni dogo, bei yake si nzuri sana, lakini halitozi asilimia 50 kwa tangazo la siku moja.

Nina maombi kabla sijakaa. Kwa wizara zetu za biashara na kwa Bunge la Afrika Mashariki: wekeni kanuni kwamba uamuzi wowote wa pamoja wa ushuru, ukihojiwa na taifa la nje, ujibiwe na Jumuiya, na nchi yenye cha kupoteza zaidi ijadiliwe mapema na ifidiwe na wenzake. Kenya mwaka 2017 haikuwa na fidia yoyote mezani, na nchi isiyofidiwa haiwezi kulaumiwa kwa kujitoa. Kwa wanafunzi wa uchumi: someni majedwali ya ushuru yenyewe, mstari kwa mstari, msiridhike na vichwa vya habari. Andikeni kuhusu Simiyu na Ubungo kama mnavyoandika kuhusu Washington.

Na kwenu wafanyabiashara wa mitumba. Ile barua ya Machi 2017 haikuandikwa na serikali ya Marekani. Iliandikwa na wauza nguo kuukuu kama ninyi, wenye maghala na mabelo, ambao walikaa wakahesabu hasara yao, wakaiweka kwenye karatasi na kuipeleka kwa ofisi inayohusika. Serikali yao iliwasikiliza. Ninyi mnajua bei ya belo forodhani, mnajua kitambaa gani kinatafutwa na mteja na kwa shilingi ngapi, mnajua kiwanda cha ndani kingeweza kumpata mteja huyo kwa bei gani. Hakuna ofisi yenye taarifa hizo. Wakiwaita kwenye kikao cha kupanga kodi na ushuru, nendeni na hesabu zenu. Wasipowaita, andikeni barua mtake kuitwa.